Breki za Gari la Mbio: Mzee na Fundi Kijana wa Bukama

Breki hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Katika gari la kwenda sokoni joto hilo ni dogo, na hewa hulichukua kabla ya kona inayofuata. Katika gari la uwanja wa mbio au la rali, breki ya pili hukanyagwa kabla joto la kwanza halijaondoka, na ya tatu kabla ya la pili. Kwa hiyo anayechagua breki za gari la namna hiyo huuliza joto linazaliwa wapi, linakaa wapi na linatoka kwa njia gani. Wanaozungumza hapa ni watu wawili wa Bukama, mji wa reli na bandari ya mto Lualaba katika Haut-Lomami: mzee aliyestaafu ufundi wa breki za mabehewa, na fundi kijana wa gereji aliyepewa Subaru Impreza WRX aiandae kwa ajili ya mashindano ya upande wa Zambia.

KIJANA: Baba, mwenye gari ameleta orodha. Anataka kalipa kubwa za Brembo, diski pana zenye matundu, na pedi za mbio. Vyote vifungwe kwa pamoja.

MZEE: Orodha isubiri. Gari hilo likikanyagwa breki kwa nguvu zote kwenye lami kavu, ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, inaanza kutetemesha pedali?

KIJANA: Inatetemesha, hata kwenye mwendo wa 100.

MZEE: Basi nguvu ya kubana haijapungua. Tairi likishafika mwisho wa uwezo wake wa kushika ardhi, kalipa yoyote itakayofungwa haitalisimamisha gari mapema zaidi. Anayetaka breki ya kwanza iwe fupi anunue tairi bora. Kalipa na diski kubwa zina kazi nyingine: breki ya ishirini ifanane na ya kwanza. Wengi hununua wakidhani wanapata la kwanza, kumbe walilouziwa ni la pili, na pengine hata hilo hawalihitaji.

KIJANA: Joto lenyewe ni kubwa kiasi gani?

MZEE: Hesabu yake ni nyepesi. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Ukiongezeka mara tatu, inakuwa mara tisa. Gari la kilo 1,200 likishuka kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 72 ili liingie kona, breki zinapokea kilojuli 1,260, ukiacha sehemu ndogo inayochukuliwa na upepo na injini. Asilimia kama 70 huenda mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito huinamia mbele. Diski mbili za mbele zenye kilo saba kila moja, zikipewa joto hilo, hupanda karibu nyuzi 130 kwa breki moja tu. Gari hilohilo likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, diski hupanda nyuzi 30 hivi. Ndiyo maana gari linaweza kukaa miaka mitano barabarani bila kasoro, kisha likashindwa kwenye mzunguko wa nne wa uwanja.

KIJANA: Kwa hiyo breki nne mfululizo ni nyuzi 500 na zaidi.

MZEE: Kama zisingepoa katikati. Zinapoa, ila si kabisa. Wazee wa reli walilijua hilo kabla gari la mbio halijasikika huku. Reli ilifika Bukama mwaka 1918 ikitoka upande wa kusini, na ili ifike hapa ni lazima ishuke kutoka uwanda wa Biano. Treni ya mizigo iliyobanwa breki mteremko mzima bila kupumzishwa hupata vyuma vya moto visivyoshika tena. Dereva mzuri hubana, huachia, hungoja, hubana tena. Gari la mbio halina nafasi ya kungoja, kwa hiyo vyuma na mafuta yake ya breki ndivyo vivumilie.

KIJANA: Zikishindwa, fundi atajuaje ni kipi kilichoshindwa?

MZEE: Amuulize dereva mguu wake ulihisi nini. Kuna kushindwa kwa aina mbili, na dawa zake ni mbalimbali. Ya kwanza: pedali ni ngumu, iko juu kama kawaida, dereva anaikanyaga kwa nguvu zote na gari halipungui. Hapo pedi zimevuka kiwango chao cha joto. Gundi inayoshikilia unga wake imeanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano umeanguka. Ya pili: pedali inakuwa laini, inazama, mwisho inagusa sakafu. Hapo mafuta yamechemka ndani ya kalipa. Mafuta hayashindiliki, lakini mvuke unashindilika, kwa hiyo mguu unashindilia mapovu badala ya kusukuma pistoni. Ya kwanza humpa dereva onyo, kwa kuwa hupungua kidogo kidogo. Ya pili inaweza kuja kwa breki moja. Kwa sababu hiyo mafuta hushughulikiwa kabla ya kitu kingine chochote.

KIJANA: Lakini mafuta ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote katika orodha. Wala hayamo.

MZEE: Hayamo kwa sababu hayaonekani nyuma ya rimu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya ni lazima yavumilie nyuzi 205 kabla ya kuchemka, DOT 4, nyuzi 230, DOT 5.1, nyuzi 260. Lakini yote matatu hunywa unyevu. Yakishafikia maji asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 140, 155 na 180. Maji huingia kupitia mpira wa hozi na kifuniko cha chupa, polepole, gari likiwa limesimama tu. Katika mji ulio kando ya Lualaba, jirani na mabwawa ya Upemba, na mvua za kuanzia Oktoba hadi Aprili, mafuta ya miaka miwili si ya kupelekwa mbioni. Yapo mafuta ya mbio yanayovuka nyuzi 300 yakiwa mapya. Hayo nayo hunywa maji, kwa hiyo hubadilishwa mara nyingi zaidi.

KIJANA: Na DOT 5?

MZEE: Jina linakaribiana na 5.1, lakini ni mafuta ya silikoni, hayachanganyiki na hayo mengine, na hayafai hapa. Gari lililotoka kiwandani na DOT 3 au 4 libaki katika jamii hiyo. Tena mafuta yanunuliwe katika kopo lililofungwa na kufunguliwa siku ya kazi. Yaliyomiminwa kwenye chupa ya maji sokoni hayajulikani yamekaa wazi kwa muda gani, na tone la mafuta ya injini ndani yake linatosha kuvimbisha mipira yote ya masta silinda. Wakati wa kuyabadilisha, ya zamani yatolewe kabisa kupitia skrubu za kalipa, gurudumu moja moja, mpaka yatoke safi bila povu. Kujazia juu hakusaidii, maana yaliyochemka ni yale yaliyokaa nyuma ya pistoni.

KIJANA: Baada ya mafuta?

MZEE: Pedi. Hapa ndipo fedha inapofanya kazi kubwa zaidi, na ndipo watu wanapokosea zaidi. Kila pedi ina kiwango chake cha joto. Pedi ya barabarani hushika vizuri ikiwa baridi, haipigi kelele, haili diski, ila inapokaribia nyuzi 400 huanza kulegea. Pedi ya mbio huvumilia nyuzi 600 na zaidi, lakini asubuhi ya baridi kwenye lango la gereji inaweza kukaribia kumpitisha dereva ukutani. Katikati kuna pedi za barabara kali, zinazoanza kushika zikiwa baridi na kufika nyuzi 500 hivi. Gari linaloendeshwa lenyewe hadi uwanjani, likashindana, likarudi nyumbani, hilo ndilo daraja lake, isipokuwa mwenyewe yuko tayari kubadilisha pedi pale pale.

KIJANA: Si afadhali ya mbio kabisa, ikishapata joto?

MZEE: Inategemea kama itapata joto. Dereva anayeanza huendesha polepole kuliko anavyodhani, na pedi ya mbio iliyo chini ya joto lake haishiki vizuri na huchubua diski. Pedi huchaguliwa kwa joto ambalo gari hilo na dereva huyo wanalifikia kweli, na joto hilo hupimwa. Kuna rangi maalumu hupakwa ukingoni mwa diski. Kila rangi hubadilika ikifikia nyuzi zake. Mzunguko mmoja wa majaribio wenye rangi tatu kwenye diski unajibu swali ambalo wauzaji watalibishania mwaka mzima.

KIJANA: Zinabadilishwa za mbele tu?

MZEE: Mbele na nyuma, na kwa busara. Magurudumu ya mbele yakijifunga mapema, gari husonga mbele bila kukata kona. Ni hatari, lakini dereva akiachia kidogo hulipata. Ya nyuma yakijifunga mapema, gari hugeuka kinyumenyume. Watengenezaji huweka mizani upande wa mbele kwa makusudi. Anayefunga pedi kali nyuma na za kawaida mbele amegeuza mizani hiyo kwa mkono wake. Anayefunga kali mbele peke yake anazipa za mbele kazi yote, za nyuma zinalala, na joto linaongezeka palepale lilipokuwa limezidi. Familia moja ya pedi pande zote mbili ndiyo hatua ya kwanza. Mengine yafuate kwa majaribio.

KIJANA: Hozi za chuma kilichosukwa je?

MZEE: Zinapunguza kuvimba kwa mpira, na pedali inakuwa imara zaidi mguuni. Hazipunguzi joto hata kidogo. Kama hozi za mpira zina umri wa gari, zibadilishwe. Ziangaliwe zisiguse tairi gurudumu likikunjwa hadi mwisho.

KIJANA: Diski zenye matundu zinapendeza, na muuzaji anasema zinapoa haraka.

MZEE: Joto huhifadhiwa na uzito wa chuma, na kutobolewa ni kupunguza chuma. Upande wa hewa, kazi kubwa hufanywa na nafasi iliyo katikati ya sura mbili za diski, si na matundu ya usoni. Kwenye diski ya chuma cha kawaida iliyotobolewa, nyufa huanzia kwenye matundu, na joto la mbio huzikuza. Michirizi ni bora: inafagia unga na gesi na kumwaga matope, ingawa inakula pedi haraka. Lakini diski nzima, isiyo na pambo, nzito, yenye nafasi ya hewa katikati, ndiyo inayompa mwenye fedha kidogo faida kubwa. Na inapatikana. Anayeshindana akiwa mbali na maduka hufunga kitu anachoweza kukipata tena Lubumbashi wiki inayofuata.

KIJANA: Zamani walishindana bila diski kabisa?

MZEE: Kwa breki za dramu, ndiyo. Mwaka 1953 Jaguar C-Type zilishinda saa 24 za Le Mans zikiwa na breki za diski, na hapo faida yake kwenye mbio za lami ilionekana wazi. Mwaka huohuo rali ya Safari ilianza Afrika Mashariki, lakini huko mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544, gari la kiwandani lenye dramu. Dramu hufungia joto ndani, na zikivuka mto hubaki na maji zisishike mpaka zikauke. Dereva aliyezijua alikanyaga kidogo kidogo baada ya kivuko ili azikaushe. Ustadi wa namna hiyo hauuzwi dukani.

KIJANA: Turudi kwenye kalipa za Brembo. Mwenye gari hatakubali kuambiwa asizinunue.

MZEE: Aulizwe atashindana juu ya nini. Kalipa hizo, kama zile za Impreza STi, huenda na diski za mbele za milimita 326, na juu yake hazikai rimu za chini ya inchi 17. Kwenye lami hakuna tatizo. Kwenye vumbi na mawe, gari la rali hutaka rimu ya inchi 15 yenye tairi nene, kwa sababu mpira mrefu ndio unaomeza jiwe bila rimu kupasuka. Kalipa kubwa na rimu ndogo havikai pamoja.

KIJANA: Hata wakubwa wa dunia hukumbana na hilo?

MZEE: Hao ndio mfano ulio wazi. Magari ya Rally1 katika Mashindano ya Dunia hufunga diski za mbele za milimita 370 kwenye lami pamoja na rimu za inchi 18. Yakija kwenye rali ya vumbi kama Safari, iliyorudi katika kalenda hiyo mwaka 2021 na kufanyika Naivasha, hushuka hadi milimita 300 na rimu za inchi 15. Wana fedha za kufunga chochote, na bado wanapunguza. Tairi juu ya vumbi halishiki ardhi kiasi cha kuhitaji breki kubwa kuliko hizo. WRX nyingi zilitoka kiwandani na kalipa za mbele za pistoni nne na diski za milimita 294. Kwa rali za Zambia, Uganda au Kenya, kifaa hicho chenye mafuta mapya na pedi nzuri kinatosha mtu anayeanza.

KIJANA: Na akisema atakwenda Kyalami, Afrika Kusini, kwenye lami?

MZEE: Hapo kalipa kubwa zina sababu, baada ya pedi na mafuta kujaribiwa na kushindwa. Lakini zije kama seti kamili, mbele na nyuma, zilizopimwa kwa gari hilo. Pistoni zikiwa na eneo kubwa kuliko la awali, masta silinda ileile italazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, na pedali itashuka mbali kabla ya kushika. Akifunga masta silinda kubwa kurekebisha, pedali inakuwa fupi na ngumu. Eneo la pistoni za mbele likiongezwa peke yake, mizani ya mbele na nyuma imehama, na ABS iliyopangwa kwa breki za zamani haina habari. Wingi wa pistoni wenyewe hauongezi msuguano. Unachofanya ni kusambaza mbano juu ya pedi ndefu ili iliwe sawasawa.

KIJANA: Hewa haijatajwa.

MZEE: Ni ya bei ndogo na hudharauliwa. Bomba laini linalovumilia joto, kutoka tundu la bampa hadi katikati ya diski, upande wa ndani ambako nafasi za hewa huanzia, linaweza kushusha joto kuliko kubadilisha diski. Likielekezwa usoni mwa diski upande mmoja tu, upande huo unapoa na mwingine unabaki moto, na nyufa huanza. Bati la kukinga vumbi nyuma ya diski huondolewa kwenye lami. Kwenye rali hubaki, maana bila hilo changarawe hujibana kati ya kalipa na diski. Mwinuko nao unahesabiwa. Naivasha iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani; ina nguvu ndogo ya kubeba joto. Breki zilizojaribiwa Bukama, bondeni, hazijajaribiwa kwa nyanda za juu.

KIJANA: Pedi mpya zikishafungwa, gari liende moja kwa moja?

MZEE: Hapana. Pedi na diski zinahitaji kuzoeshwa, ili safu nyembamba ya unga wa pedi ilale sawasawa juu ya chuma. Mahali pasipo na watu, gari hupunguzwa kutoka kilomita 100 hadi 20 kwa nguvu ya wastani, mara nane au kumi mfululizo, bila kusimama kabisa hata mara moja. Likisimama huku mguu umebana, pedi huacha alama yake mahali pamoja. Kisha liendeshwe polepole bila breki mpaka zipoe. Usukani unaotetemeka wakati wa breki mara nyingi husemwa ni diski iliyopinda. Mara nyingi zaidi ni unga uliolala vibaya kwa sababu kazi hii iliharakishwa. Pedi za aina tofauti zisizoeshwe juu ya diski iliyopakwa unga wa nyingine kabla ya kusuguliwa.

KIJANA: Na siku yenyewe ya mbio?

MZEE: Mzunguko wa mwisho wa kila zamu uendeshwe taratibu, breki ziguswe kwa nadra. Likiegeshwa, breki ya mkono isivutwe. Gia na kabari ya gurudumu vinatosha. Zikipoa, hukaguliwa: unene wa pedi pande zote mbili za kila diski, kwani ya ndani huisha kabla ya ile inayoonekana, mipira ya vumbi ya pistoni, ambayo huungua na kukatika, nyufa za diski. Nyufa nyembamba kama unywele katikati ya uso ni kawaida ya mbio. Ufa uliofika ukingoni umemaliza diski hiyo, bila kujadiliana. Pedi iliyobaki nusu isirudishwe uwanjani kwa zamu ndefu, kwa sababu pedi nyembamba hupitisha joto kwenye mafuta upesi kuliko nene. Pedali ikiwa laini kuliko asubuhi, mafuta hutolewa povu kabla ya zamu nyingine.

KIJANA: Akiwa amefunga pedi za mbio, atarudije Lubumbashi kutoka mpakani Kasumbalesa?

MZEE: Kama gari halibebwi juu ya trela, pedi za barabarani zirudishwe kabla ya kuondoka uwanjani, mafuta yatolewe povu, na nati za magurudumu zikazwe upya baada ya kilomita chache za kwanza. Pedi za mbio ziwekwe ndani ya mfuko, zikiandikwa ya kushoto na ya kulia, ya ndani na ya nje, ili zirudi kwenye diski na upande uleule zilikozoea.